Kutafsiri "ornate" na ndugu zake kwenda Kiebrania: msichukue neno la kwanza la kamusi

Mkalimani wa Pwani (mleta uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Nimekaa na hii kitu rohoni wiki tatu sasa, nikaona bora niilete hapa maana humu kuna wachungaji waliosoma Kiebrania chuoni, kuna vijana waliopita mafunzo ya kilimo kule jangwa la Arava, na kuna watu wa Unguja wanaopokea wageni wa Israeli, nyie ndio mtanielewa.

Mimi ni mtafsiri, nilikaa Israeli miaka 6, lugha nilijifunza mtaani kwanza ndio baadae darasani. Mwezi uliopita jamaa mmoja anayeuza milango na makasha ya kuchonga akanipa maelezo ya bidhaa zake, yako kwa Kiingereza, anataka Kiebrania kwa ajili ya wateja wake. Sasa mnajua Kiingereza cha wauza vitu vya sanaa, kila mstari ornate, elaborate, richly decorated, fancy, intricate, yote ya kusifu mapambo na kazi nyingi, kwenye ukurasa mmoja tu nilihesabu ornate mara 11. Nikafungua kamusi, ornate nikakuta maneno manne yamepangwa: mekushat, me'utar, mesulsal, metzu'atza. Mekushat nimelizoea, ni la kila siku, nikawaza mlango ambao fundi ameuinamia miezi unastahili neno zito kidogo, nikachukua metzu'atza kwa sababu ni refu na masikioni mwangu lilikuwa na kazi nyingi ndani yake. Delet metzu'atza'at, mlango wenye nakshi. Nikaandika hivyo mwanzo mpaka mwisho.

Kabla ya kukabidhi nikamtumia mama mmoja wa Haifa aliyewahi kunifundisha, apitishe macho. Hakujibu kwa meseji, alipiga simu. Akaniuliza, mwanangu, hii milango imekukosea nini?

Metzu'atza wakuu limetoka kwenye tza'atzua, kitu cha kuchezea mtoto. Ukisema nyumba ya mtu ni metzu'atza umesema imejaa vikorokoro, madoido yamepitiliza, mwenye nyumba hajui wapi pa kuacha. Kwa hiyo nilikuwa nimeandika kurasa tatu nzima za kumwambia mteja kwamba milango ya fundi wa watu ni takataka za kung'aa, tena niliandika kwa heshima zote na kwa mapenzi.

Na kinachoniuma zaidi, neno lenyewe zamani halikuwa tusi. Fungueni Mambo ya Nyakati wa Pili 3:10, pale Sulemani anapotengeneza makerubi wawili wa patakatifu pa patakatifu, Kiebrania kinasema ma'aseh tza'atzu'im, kazi ya kuchongwa na kuundwa kwa ustadi, na ni hapo tu neno hilo linapotokea kwenye Biblia nzima. Leo hilo hilo ndio midoli na vigari vya watoto. Kamusi haikudanganya, ila haikuniambia kama neno linasifu au linasuta.

Ndio maana nafungua uzi. Nataka tuyapitie haya maneno moja moja, na nina hoja moja ambayo nitaipigania: anayetoka Kiswahili kwenda Kiebrania asikae sana kwenye Kiingereza, maana Kiingereza kimeweka kwenye ornate vitu ambavyo sisi tumeshavitenganisha siku nyingi.

Kijiti

Mkuu mbona unajipa kazi, si kuna kishut? Mapambo ni mapambo. Mlango umepambwa, keki imepambwa, bibi harusi amepambwa, mekushat inatosha kwa vyote.

Mkalimani wa Pwani

Mkuu Kijiti umeanza pazuri, maana keki na bibi harusi kweli ni mzizi wa k-sh-t, zile herufi tatu zinazobeba maana ya kupamba. Uga mekushetet, keki iliyopambwa. Sikukuu ya vibanda, Sukkot, watoto wanakata karatasi za rangi na kutundika matunda kwenye kibanda, yale yanaitwa kishutim. Ila sikiliza hilo neno lilivyo, kishut ni kitu unachokiongeza juu ya kitu kingine na kesho unaweza kukiondoa. Unatundika, unabandika, unapaka. Nakshi ya mlango wa Unguja huwezi kuitoa kesho, ukiitoa huna mlango. Ukimwambia Mwisraeli delet mekushetet anaona mlango uliofungwa maputo na utepe kwa sherehe.

Halafu tahadhari mbili za tahajia hapo hapo. Kishut cha mapambo kinamalizika kwa herufi tet, kikipoteza hiyo tet kikapata alef kinakuwa kishu, lile boga dogo la kijani la kupikia. Wingi ni kishutim na kishuim, mtu anayeandika haraka haraka anapishana na herufi moja tu. Na kito cha kuvaa, pete, mkufu, hereni, ni takhshit, watu wanadhani ni mzizi mmoja na kishut kwa sababu vinasikika jirani, lakini takhshit inaandikwa kwa kaf na kishut kwa kof. Nimeshaona tangazo la sonara limekosea hapo, na msomaji wa Kiebrania akiona kosa la namna hiyo anapata wasiwasi hata na dhahabu yenyewe.

Sasa me'utar. Hili ndilo nilipaswa kulichukua. Mzizi wake ni ule wa atara, taji. Kitu ambacho ni me'utar kimevikwa taji, kimezungushiwa uzuri, na ni neno la heshima. Mkataba wa ndoa wa Kiyahudi, ketuba, ukichorwa maua na ndege na milango pembeni unaitwa ketuba me'uteret. Miswada ya zamani yenye mapambo ya dhahabu na rangi, kama ile Haggada ya Sarajevo ya karne ya 14, kitabu cha kusomwa usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, ni me'utar pia. Na hapo kuna shimo lingine, Kiingereza kinaita miswada hiyo illuminated, ukitafsiri neno kwa neno unapata mu'ar, yaani muswada uliowashiwa taa. Picha za kueleza habari ni me'uyar, mapambo ya pembeni ni me'utar, basi.

Ila me'utar nayo ina mlango wa pili. Itur ni nishani. Nishani za ushujaa za jeshi la Israeli zinaitwa Itur ha-Gvura, Itur ha-Oz na Itur ha-Mofet, kwa hiyo askari me'utar hajapakwa hina, ametunukiwa. Kiingereza nacho kina decorated ya hivyo hivyo, hapo wamekutana.

Mchungaji wa Bondeni

Bwana asifiwe wapendwa. Nimefuatilia uzi kwa furaha. Naomba kuongeza habari ya Yusufu maana ndipo nilipokutana na hiyo ornate kwa mara ya kwanza.

Biblia yetu ya Kiswahili, Mwanzo 37:3, Israeli alimfanyia Yusufu "kanzu ndefu". Nimekua na hiyo kanzu ndefu, nimeihubiri, nimewavisha watoto wa Sunday School kanzu za baba zao zinaburuta chini. Nilipoenda chuo nikakuta Biblia ya Kiingereza ya zamani inasema koti la rangi nyingi, na ile mpya ya NIV inasema ornate robe, vazi la mapambo. Nikamuuliza mwalimu kipi ni kipi, ndefu, rangi au mapambo? Akanifungulia Kiebrania, ketonet passim, akaniambia hiyo passim wasomi wanabishana nayo mpaka leo. Wengine wanasema ni kanzu inayofika kwenye viganja na nyayo, ndio ndefu yetu. Tafsiri ya Kigiriki ya kale ikaenda na rangi rangi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni, vazi hilo hilo kwa jina hilo hilo amelivaa pia Tamari binti Daudi, Samweli wa Pili 13:18, na andiko linasema ndivyo walivyovaa binti za mfalme waliokuwa mabikira. Na yeye alilirarua.

Mkalimani wa Pwani

Mchungaji shikamoo na ubarikiwe, hapo umenigusa. Mtoto wa Israeli wa leo akisikia passim anaona mistari, maana pas kwa Kiebrania cha sasa ni mstari au ukanda, kwa hiyo shuleni wanamchora Yusufu na kanzu ya milia. Mswahili anaona urefu, Mwingereza anaona rangi. Tena hapo ornate imetumika kwenda upande mwingine, kutoka Kiebrania kuja Kiingereza, na mfasiri ameichagua kwa sababu haimfungi, haisemi rangi, haisemi urefu, inasema tu lilikuwa vazi la kupendeza kuliko ya ndugu zake. Naiheshimu hiyo busara. Ila ukiirudisha hiyo ornate kwenye Kiebrania kwa kamusi huwezi kufika passim hata siku moja.

Dogo Arava

Wakubwa shikamooni. Mi nilikuwa kule Arava kwa mafunzo ya kilimo miezi 10, pilipili hoho na tende, Kiebrania changu ni cha shambani na sokoni msinicheke.

Nikuongezee broo, kule mtaani hawasemi me'utar. Kitu kikiwa cha gharama gharama kimependezeshwa wanasema fensi, kabisa kama sisi tunavyosema. Kuna na mefunpan, hilo nalisikia kwa mgahawa wenye vyakula vidogo kwenye sahani kubwa, au kwa mtu aliyejikwatua kupita kiasi. Nguo ya shughuli wanasema khagigi, ya sikukuu.

Na sokoni kuna mehadrin. Mwanzo nilidhani ni jina la kampuni maana lipo kwenye maziwa, lipo kwenye nyama, lipo kwenye biskuti. Baadae nikaambiwa ni kosher, chakula kilichoruhusiwa kwa sheria ya Kiyahudi, ila ya kiwango cha juu. Halafu muuza matunda anaita mehadrin min ha-mehadrin, namba moja kabisa. Hilo si ndio la mapambo pia?

Mkalimani wa Pwani

Dogo marahaba, na Kiebrania cha sokoni ndicho kilicho hai, usikidharau. Ndiyo, mehadrin wanaliunganisha na hidur, na hidur ni kukifanya kitu kiwe na hadar, fahari, uzuri wenye hadhi. Hapa lazima nikae kidogo.

Kutoka 15:2, wimbo wa baharini, kuna neno ve'anvehu. Unaweza kulisoma kama kumpamba Mungu. Kwenye Talmud, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, sehemu ya Shabbat, ukurasa 133b, wakalieleza hivi, jipambe mbele zake kwa amri zake, tengeneza sukka nzuri, yaani kibanda cha Sukkot, lulav nzuri, lile kuti la mtende, shofar nzuri, baragumu ya pembe, tzitzit nzuri, vishada vya pembe za vazi, na gombo la Torati lililoandikwa kwa wino mzuri na kalamu nzuri na mwandishi stadi, ukalifunge kwa hariri nzuri. Hiyo ndiyo hidur mitzva. Wakaiwekea hata kipimo, Bava Kamma 9b, kwamba mtu aongeze mpaka theluthi moja kwa ajili ya kupata kilicho kizuri zaidi. Ile mehadrin ya Dogo inatoka Shabbat 21b, kwenye habari za mishumaa ya Hanuka, sikukuu ya taa, mwenye bidii anawasha zaidi ya lazima, na mwenye bidii kuliko wote anaongeza kila usiku, ndio mehadrin min ha-mehadrin.

Kwa hiyo mehudar ni kitu kizuri kwa sababu kimeheshimiwa. Chungwa na limau na ndimu kwa Kiebrania ni pri hadar, matunda ya fahari, kutoka Walawi 23:40. Wakati wa Sukkot watu wanainama na kioo cha kukuzia kukagua etrog, lile tunda linalofanana na limau kubwa, lisiwe na doa hata moja, wakilipata wanasema etrog mehudar. Hakuna aliyeongeza kitu juu ya hilo tunda wakuu. Halina nakshi. Ila Kiebrania kinaliweka kwenye familia moja na kitambaa cha hariri cha Torati. Kiingereza hakiwezi kuita limau ornate.

Na kwenye gombo la Torati lenyewe kuna herufi saba zinazovishwa vitaji vidogo juu, tagin. Menakhot 29b kuna simulizi kwamba Musa alipopanda mlimani alimkuta Mungu ameketi anazifunga hizo taji kwenye herufi, akauliza ni za nini, akaambiwa atakuja mtu baada ya vizazi vingi, Akiva mwana wa Yosef, atakayetoa milima ya sheria kwenye kila nukta yake. Mimi hiyo simulizi ndiyo inayonifanya nisikubali mtu aniambie mapambo ni kitu cha juu juu.

Mwalimu wa Kitale

Sasa ndugu zangu, nimesoma kutoka juu hadi hapa na nina swali la kando kidogo. Niko na binti anafanya kazi na Waisraeli wa mambo ya maji, akaombwa atafsiri hotuba ya chifu wetu mmoja. Ile Kiingereza ilikuwa imeandika kwamba hotuba ilikuwa "florid", maneno ya maua maua. Yeye akaandika pirkhoni. Wakamrudishia na alama ya kuuliza. Kwani florid si ni maua?

Mkalimani wa Pwani

Mwalimu, mwambie binti pole, hilo ni kosa la kila mtu. Pirkhoni ni maua ya kitambaa. Gauni pirkhoni, pazia pirkhoni, manukato yanayonukia maua. Hotuba haiwi pirkhoni, msomaji anaona karatasi ya hotuba imechapwa mawaridi. Lugha ya mapambo kwa Kiebrania ni melitza, na sifa yake ni melitzi. Safa melitzit.

Na neno hili lina historia ndefu, mnivumilie. Kwenye Mithali 1:6 melitza ni usemi wa mafumbo, inakaa pamoja na mithali, ni neno zuri tu. Miaka ya Haskala, ule mwamko wa elimu wa karne ya 18 na 19, Wayahudi wa Ulaya walioandika Kiebrania waliipenda lugha ya Biblia hivi kwamba waliunga sentensi zao kwa vipande vya aya, kipande cha Isaya, kipande cha Zaburi, kipande cha Wimbo Ulio Bora. Mtindo huo wa kupachika aya unaitwa shibutz, jina limetoka kwa sonara, ni kupachika jiwe kwenye dhahabu kama yale mawe ya vazi la kuhani mkuu kwenye Kutoka 28. (Fumbo la maneno la gazetini, lile la kujaza viboksi, linaitwa tashbetz, mzizi ule ule.) Abraham Mapu alipotoa riwaya ya kwanza ya Kiebrania mwaka 1853 aliiandika yote kwa lugha ya manabii.

Tatizo likaja, mtu akitaka kuandika kwamba mama anakwangua sufuria au mchuuzi anabishana bei, aya haipo. Ndipo Mendele Mocher Sforim, miaka ya 1880, akaanza kuchanganya Biblia na Mishna, sheria za kale za marabi, na Talmud na lugha ya sala, kukapatikana Kiebrania kinachoweza kusema kitu bila kukipandisha jukwaani. Tangu hapo melitza ikageuka lawama. Leo ukimwambia mwandishi wa Kiebrania maandishi yako ni melitzi umemwambia anapamba maneno kuficha kwamba hana la kusema.

Kwa hiyo swali la kumrudishia binti yako ni hili, aliyeandika florid alikuwa anamsifu chifu au anamsema? Kama chifu alitema methali na watu wakapiga vigelegele, melitzi itamvunjia heshima, aandike alizungumza kwa lugha tajiri, safa ashira, au lugha ya picha, safa tziyurit. Kama alizunguka saa mbili na mbwembwe na watu wakasinzia, melitzi ndiyo yenyewe.

Mwalimu wa Kitale

Vigelegele, tena akina mama walisimama. Asante sana, namwambia leo leo.

Mama Tarizi

Hodi humu. Mimi nafuma na kudarizi kofia na vitambaa, Kiebrania sikijui hata salamu ila nimesoma yote. Kwani kazi ya sindano wanaiitaje? Maana kwenye maagizo ya wazungu nakutana na hiyo elaborate kila siku, elaborate embroidery, na mimi naona sio mapambo wanayosema, wanasema kazi nyingi.

Mkalimani wa Pwani

Mama Tarizi karibu sana, tena umeona kitu ambacho mimi nilikaa nacho siku mbili. Elaborate sio ornate. Elaborate inapima kazi iliyoingia, ornate inapima kinachoonekana. Kwa Kiebrania elaborate ya kazi ya mkono ni mefurat, yenye vijisehemu vingi vilivyoangaliwa kimoja kimoja. Murkav ni ya kitu chenye sehemu nyingi zinazochanganya, ukiandika kofia yako ni murkav mteja ataogopa kwamba hajui kuivaa.

Kudarizi ni lirkom, na darizi ni rikma. Hiyo rikma ndiyo neno la madaktari pia kwa tishu za mwili, nyama na mishipa ilivyosukwa. Zaburi 139:15, pale Kiswahili kinaposema "nilipoungwa kwa ustadi", Kiebrania kinasema rukamti, nilidariziwa. Mtoto tumboni anadariziwa mama.

Na kwenye hema la kukutania, Kutoka 26, kazi za nguo zimegawanywa. Kuna ma'aseh rokem, kazi ya mdarizi, na kuna ma'aseh khoshev, kazi ya mwenye kufikiri, ndiyo ile ya juu kabisa yenye makerubi ndani ya kitambaa chenyewe. Khoshev leo ni mtu anayewaza, na kwenye mzizi huo wakaja kutengeneza makhshev, kompyuta. Kwa hiyo ukiona neno ma'aseh khoshev limeandikwa kwenye kitambaa cha zamani sinagogi, wanasema aliyekitengeneza aliutumia ubongo wake, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo fundi anaweza kupewa.

Mama Tarizi

Nimelia kidogo hapo kwa mtoto. Asante mwanangu.

Biashara Kwanza

Mimi naona mnakuza mambo. Mteja anataka mlango, hataki Talmud. Andika baroki, kila mtu anaelewa baroki, funga kazi.

Mkalimani wa Pwani

Mkuu baroki ni mtindo wa Ulaya wa karne ya 17 na sehemu ya 18, una makanisa yake na muziki wake. Mlango wa Unguja ukiitwa baroki mteja ataandaa macho kwa vitoto vyenye mabawa na nguzo zilizopinda, akifika atauliza viko wapi. Na fundi anapoteza jina la kazi ya babu yake kwa sababu mtafsiri alichoka. Mimi nalipwa ili nisichoke.

Ila nakubaliana na wewe kwenye moja, mteja hataki Talmud. Hilo nalifikiria sana, nitalirudia.

Dogo Arava

Bado mesulsal broo, umelitaja mwanzo ukaliacha.

Mkalimani wa Pwani

Mesulsal ni ya kujipinda pinda. Nywele za mawimbi, mwandiko wenye mikia, na sauti. Waimbaji wa kule wenye asili ya Mashariki, ile mizrahi ya kwenye redio za teksi, pale sauti inapotetemeka na kupanda ngazi ndogo ndogo, wanaita silsulim, na anayependa taarabu hahitaji kuelezwa zaidi. Nakshi ya mizabibu na mawimbi unaweza kuiita mesulselet. Iliyonyooka kama mnyororo huwezi.

Tena Talmud ina habari yake, Rosh Hashana 26b. Mithali 4:8 inasema kuhusu hekima, salseleha, na wanazuoni hawakujua maana yake. Siku moja wakamsikia mjakazi wa nyumbani kwa Rabi Yuda Mkuu anamwambia mtu aliyekuwa anazigeuza geuza nywele zake, mpaka lini utakuwa unasalsel nywele zako? Wakapata jibu. Wanazuoni wa vitabu wakafundishwa Biblia na mjakazi. Ndio maana namwambia Dogo asidharau Kiebrania cha shambani.

Fundi wa Malindi

Assalaam aleikum. Mimi ndiye hasa mwenye hiyo kazi, sio milango ya huyo bwana wako, lakini kazi yetu ni moja, nimechonga toka nina umri wa miaka 14 nikimshikia marehemu baba patasi. Nimesoma nikasema ngoja niulize. Hayo maneno yote mliyoyapanga, taji, fahari, kujipinda, hakuna hata moja linalosema mlangoni mna nini. Mimi nikichonga sisemi nachonga nakshi tu. Chini naweka mawimbi na samaki, pembeni nazungusha mnyororo, naweka mitende, juu ua la yungiyungi, halafu misumari ya shaba. Kila kimoja kina sababu zake. Mgeni akiniuliza namwonesha kwa kidole. Sasa wewe unamwandikia mgeni "una nakshi nyingi", si umemnyima mlango?

Mkalimani wa Pwani

Waaleikum salaam fundi. Nimesoma ujumbe wako nikainuka kwenye kiti nikatembea kidogo.

Nilimpigia tena yule mama wa Haifa jioni hii nikamsomea maneno yako kwa Kiebrania. Akanyamaza halafu akaniambia fungua Wafalme wa Kwanza sura ya 6. Nikafungua. Milango ya hekalu la Sulemani, aya ya 32, ilikuwa ya mzeituni, imechongwa makerubi na mitende na maua yaliyochanua. Timorot ni mitende, peture tzitzim ni maua yaliyochanua. Na kwenye Mambo ya Nyakati wa Pili 3:5 nyumba ile ile imewekwa mitende na minyororo, timorim ve-sharsherot. Mwandishi wa zamani hakusema milango ilikuwa ornate. Alitaja kilichochongwa, akaenda zake.

Nikataka kuweka timorot na peture tzitzim kwenye maelezo, nimeshashikwa na raha. Mama akanizuia, akasema ukiweka hayo kwenye karatasi ya dukani ni melitza, andika dekalim kama watu wanavyosema mitende leo, andika prakhim kwa maua, andika dagim kwa samaki. Mnyororo, sharsheret, huo hauna shida, umevuka kutoka kwenye Biblia ukiwa mzima, hata wa baiskeli ni sharsheret. Na misumari ya shaba fundi ni masmerei pliz. Masmer, msumari. Sisi tumeupata kwa Waarabu, mismar yao, Waebrania wanao tangu manabii, ni neno la ukoo mmoja.

Biashara Kwanza, hapa ndipo nilipokuwa nataka kurudi kwako. Nimefuta ornate zote 11 na sikuweka kitu mahali pake. Me'uteret nimeibakiza mara moja tu, kwenye kichwa cha habari. Mstari wa kwanza sasa unasomeka hivi:

Delet etz megulefet be-avodat yad: dagim, sharshera'ot, dekalim u-frakhim, ve-masmerei pliz.

Mlango wa mbao uliochongwa kwa mkono, samaki, minyororo, mitende na maua, na misumari ya shaba.

(Kwa wanaonakili, uchongaji ni giluf, wingi gilufim. Msije mkaandika be-gilufin mkidhani ni "kwa michongo", maana hiyo ni mtu aliyechangamka na kilevi.)

Fundi wa Malindi

Huo ndio mlango. Hapo nimeuona. Samaki umemtanguliza, na ndiye wa chini kweli, ndiye tunayeanza naye.

Mkalimani wa Pwani

Mwenye duka aliandika samaki mwisho fundi, mimi nimefuata ulivyoandika wewe. Nakabidhi kesho asubuhi. Nikipata kasha nitakuuliza kwanza linaanzia wapi.